Nyumba Isiyo na Mlango wa Uani

Harufu ya udi ilianza siku ya tatu tangu wahamie, saa sita mchana, katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuchoma udi. Felicitas alidhani ni majirani. Wao wenyewe walikuwa Wakatoliki wa Bukoba, watu wa rozari, udi wao wa wapi?

Mumewe Revelian alicheka tu. Alikuwa mchora ramani katika ofisi ya serikali ya Mwingereza, na nyumba hizi mpya za Temeke alizichora kwa mkono wake: safu nyuma ya safu, zote zimeelekea upande mmoja kama askari wa gwaride, kila moja na mlango wake mmoja wa mbele, basi. Alijivuna nazo kweli. Kabla ya ujenzi alitumwa kuwauliza wenyeji wanataka nyumba za namna gani, na Bi Chausiku, Mzaramo ambaye shamba lake ndilo lililochukuliwa, akamwambia wazi.

"Bwana karani, sie nyumba zetu mlango wa mbele na wa uani hutazamana. Hapa ni njia ya wenyewe. Wakiingia, wapate pa kutokea."

Revelian aliandika yote kwenye daftari, akarudi ofisini, akachora ukuta. Aliona aibu kumpelekea mkubwa wake Mzungu habari za majini.

Baada ya udi zikaja nyayo. Ziliingia mlangoni adhuhuri, zikakatisha chumba taratibu, zikafika ukuta wa nyuma, zikakoma. Hazikurudi. Kesho yake zikaingia nyingine, na keshokutwa nyingine, na hakuna zilizotoka.

Wiki ya pili binti yao Adelina, wa miaka minne, akaanza kutembea chumbani kwa ubavu.

"Nipisheni," alinong'ona. "Naomba nipite."

"Unaongea na nani, mama?" Felicitas alimuuliza.

"Na hawa. Wamejaa."

Felicitas alitaka wahame siku ileile. Revelian akasema nyumba ya serikali haikimbiwi kwa ndoto za mtoto, watu wangemcheka. Kiburi si maungwana, na yeye alikuja kulijua hilo siku ya kumi na tisa, alipoitwa kutoka kazini akamkuta mwanawe amegandamana na ukuta wa nyuma, miguu haigusi sakafu, midomo imekuwa ya bluu, kifua kinapanda kidogo tu na kushuka kama cha mtu aliyebanwa katikati ya umati, na kila walipomvuta hakuvutika.

Bi Chausiku alikuwa ameshaitwa. Revelian alimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shika nyundo, uvunje hapo pembeni yake. Na wakianza kutoka, mtu asiwazuie. Wakizuiwa watamrudia mtoto."

Alivunja. Alivunja huku analia, bila kuwaza kazi wala jela, matofali yakimwangukia miguuni, mpaka mwanga ukaingia, mpaka tundu likatosha mtu kupita, na hapo ndipo alipoona kile ambacho kwenye karatasi alikiona miezi mingi bila kukiona: ng'ambo ya kichochoro, ukitazamana sawasawa na tundu lake, mlango wa nyumba ya safu ya pili, wazi, na ndani yake Atuganile, mke wa mwalimu, ameketi mkekani na kichanga chake cha mwezi mmoja.

Nyayo zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine.

"Mwambie afunge mlango," Felicitas alinong'ona. "Baba Adelina, mwambie."

Revelian alifumbua mdomo. Pembeni yake Adelina alivuta pumzi, ndefu, ya kwanza tangu asubuhi, akadondoka mikononi mwa mama yake. Revelian akafumba mdomo.

Atuganile alisikia watu wanafika mlangoni kwake. Hakuona mtu, ila alikuwa amelelewa vizuri.

"Karibuni," alisema, akasogea na mtoto wake kuwaachia nafasi mkekani.