Karibu ya Darajani

Ilianza na ndagala kukosa chumvi.

Ndagala, wale dagaa wa ziwa Tanganyika, wanaweza kukosa mambo mengi, lakini si chumvi. Lamya aliwakaanga kwa kitunguu kama kawaida yake, akaonja, akaongeza chumvi, akaonja tena, mwisho akaweka chumvi tupu kwenye ulimi. Hapo ilikuwa chumvi. Akiichanganya na chakula, inapotea. Akajiambia ni mafua. Alikuwa mwalimu wa fizikia chuo kikuu, na mwalimu wa fizikia akikosa maelezo hujipa mafua.

Alikuwa ametoka darajani muda mfupi tu.

Lilikuwa upinde mmoja mkubwa wa chuma juu ya korongo la Ntahangwa, mguu mmoja mtaa wa Mutanga Sud, mwingine upande wa Gihosha, na huko chini, mbali kiasi kwamba ukitupa jiwe husikii kitu, mto mwembamba wa rangi ya matope. Tangu vurugu za mwaka wa tisini na tano watu walilivuka haraka, macho mbele. Kuna waliotupwa pale. Kila mtu alijua, na kila mtu alisema jirani fulani "amehama". Ukiwasikiliza, nusu ya mtaa ilihama, na hakuna aliyeonekana amebeba godoro.

Lamya peke yake ndiye aliyekuwa bado anasimama katikati. Zamani alisimama na mumewe, Zayd, wakila sambusa na kutazama ziwa na milima ya Kongo ng'ambo. Zayd alipanda meli ya mizigo kwenda Kigoma, akasema akipata nyumba atamwita. Mwaka wa pili ulikuwa unakwisha. Majirani wakimuuliza, Lamya alisema mume yuko kwenye biashara. Hakuwavumilia watu wanaojidanganya, ila kwa hilo alijipa ruhusa.

Basi Jumapili ile ya ndagala, akiwa bado darajani, alifungua sambusa yake na, kabla ya kuuma, akasema, "Karibu."

Hakukuwa na mtu. Ni mdomo tu. Aliyezaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, hawezi kula hata karanga bila kusema karibu, na anayekaribishwa husema asante, akapita zake. Hakuna anayetegemea kwamba atakaa kweli. Bismillahi Lamya aliiacha Ubelgiji alikosoma, pamoja na mambo mengine aliyoona hayana ushahidi. Karibu haikumwacha.

"Asante," ilisema sauti kutoka chini ya chuma.

Akachungulia. Maboriti na kutu, basi. Jua lilikuwa linaondoka na chuma kilianza kulia, ti, ti, ti. Kinapoa, akajieleza. Akauma sambusa, ikawa kama anatafuna karatasi.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali na vigae, haina chuma kikubwa kuliko sufuria. Hata hivyo, kila alipokaa kula, sauti ile ilitoka kwenye kiti cha mbele yake, ti, ti, ti, na harufu ikaja nayo, ya kutu na matope ya mto, na akigusa mto wa kiti baada ya chakula aliukuta umelowa. Kisha yakaja maneno. Hayakuwa ya mtu mmoja, yalikuwa kama vitu vilivyookotwa korongoni kimoja kimoja, mara kwa sauti ya mwanaume, mara ya msichana: "Mi sina kosa." "Nishike mukono." "Niko na batoto, afande." Lamya akaganda na tonge mkononi, asithubutu kuinuka kwa sababu kuinuka ni kukubali kwamba kuna wa kumkimbia, asithubutu kutazama mbele kwa sababu kiti kilikuwa kinajisogeza polepole karibu na meza, kama asogeavyo mgeni mwenye haya anayeogopa kuonekana ana njaa, mpaka pumzi baridi ikafika juu ya sahani na sauti ikauliza, kwa upole ambao hakuwa ameusikia tangu Zayd aondoke, "Umekula, mama?"

Kesho yake aliweka sahani ya pili.

Akaanza kuisha. Chakula kilijaza tumbo na hakikuingia mwilini.

"Madamu Lamya, unakonda sana," alisema jirani yake Dévote, kutoka upande wa pili wa ua. "Ni rejimu, unapunguza mwili?"

"Ni rejimu."

"Rejimu gani hiyo, mupaka viatu vinakukimbia?"

Aliyekataa habari ya rejimu ni Tanti Mwanvua, dada wa baba yake, aliyekuja kutoka Buyenzi na kapu la ndizi. Aliona sahani mbili, akachota kidogo, akatema. Akashusha sauti.

"Weye, nani anakulaka na wewe hapa?"

"Hakuna mtu, Tanti."

"Mutu sikuuliza. Ulimukaribisha wapi?"

"Darajani. Nilisema tu, Tanti. Mdomo."

"Na bismillahi?"

Lamya akatazama ukuta.

"Ya Rabbi," alinong'ona Tanti. "Mutoto ameacha dini, akabakiza heshima."

Tanti akamleta Mwalimu Massoudi wa madrasa, na ubani, na marashi, na kikoba cha ngozi cha mtu anayetaka aonekane anatoka wizarani. Alisoma Kurani kwa sauti ya kusikika barabarani. Ndipo kiti kikaanza kutetemeka, ti, ti, ti, na sauti zote zikatoka pamoja, "Mi sina kosa, mi sina kosa," na moja kati ya hizo, Mwalimu aliijua. Majivuno yakamtoka. Alikaa chini sakafuni, akafuta uso, akaendelea kusoma taratibu, kama anayemsindikiza mtu wake. Kitu kikapita mlangoni, kikiacha nyayo za maji. Harufu ikatoka nacho.

"Tonge la kwanza, bismillahi," alimwambia Lamya, bila kumtazama. "Na ile karibu, ufunge mudomo. Ukimwita tena, mi sitamutoa. Atakula mupaka akumalize."

Jioni ile ndagala walikuwa na chumvi. Walikuwa na kitunguu, pilipili, na ule uchungu kidogo wa vichwa vyao. Lamya alilamba vidole peke yake jikoni. Alikula hivyo siku zilizofuata, akanenepa, na Dévote akamsifu.

Nyumba ilikuwa kimya. Saa ya amri ya kutotoka nje ilikuwa inakaribia, milango ya mtaa ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na huko vilimani bunduki zilianza maneno yao. Lamya alikaa mbele ya sahani yake. Mto wa kiti cha mbele ulikuwa umekauka, umebaki na alama nyeupe kama ya chumvi. Alifikiria ni nani, toka ziwani mpaka mlimani, atakayemuuliza leo kama amekula, na kwa kuwa hakupenda kujidanganya, hakutaja jina la Zayd.

Bismillahi ilikuwa tayari kwenye ulimi. Akaimeza.

"Karibu," alisema.

Chumvi ikatoka kwenye chakula. Kiti kikasogea.

"Asante, mama. Umekula?"

"Bado," alijibu Lamya. "Nilikuwa nakungoja."