Karibu, Akasema Nguchiro

"Karibu," kitafsirimlio kilisema sikioni mwa Sekela, kwa sauti laini ya mama mwenye nyumba.

Kifaa hicho hakikuzidi punje ya hindi. Kilisikiliza milio ya nguchiro, kikailinganisha na maelfu ya milio ambayo wanafunzi walikuwa wameiwekea maneno, kisha kikatamka maana yake kwa Kiswahili. Kwa sababu yake Chuo cha Uwanda kilisifika Mbeya nzima. Wanafunzi wa shahada ya kwanza hapo hawakungoja safari ya mbugani. Walitoka darasani, wakavuka uwanja wa netiboli hadi kwenye kichuguu walimoishi nguchiro, wakapiga magoti na kufanya utafiti kwa mikono yao.

Sekela, wa mwaka wa tatu, alilala kifudifudi na kuingiza mkono tunduni hadi begani. Nyuma yake alisimama Lusajo, mwenzake wa utafiti, akiandika.

"Wenyeji wako wamechangamka leo," Lusajo alisema. "Wakikupa chai, uniachie kidogo."

Sekela hakucheka. Humo tunduni kulibaki kitoto kimoja. Wengine wanne walikuwa wamekufa mwezi huo, mmoja mmoja, bila jeraha wala ugonjwa wa kuonekana, na kundi zima lilibaki na wakubwa watano. Daktari Atupele, msimamizi wao, aliagiza vitoto vipimwe mara tatu kwa siku badala ya mara moja, huenda chanzo kikajulikana. Wasiwe na wasiwasi, aliwaambia, maana wanyama wenyewe wanawakaribisha.

Sekela alikitoa kitoto. Kilienea kiganjani. Glavu-pima yake ikaonyesha mapigo ya moyo: mia tatu na sitini kwa dakika, yaleyale ya kila siku. Kwenye daftari yaliandikwa kuwa ya kawaida.

Mama wa kitoto alikuwa amesimama wima juu ya kichuguu, akilia.

"Karibu. Karibu sana."

Kivuli kikapita juu ya nyasi. Tai. Wakubwa wengine wakajitupa mashimoni, lakini mama yule hakutaka kumwacha mwanawe. Akakaza macho angani, akalia tena.

"Karibu sana," kilisema kitafsirimlio, kwa upole uleule.

Sekela akainua kichwa. Nani humkaribisha tai?

Akaitazama glavu. Tai alikuwa juu yao, na mapigo hayakuongezeka hata moja. Tangu alipokishika, moyo ule mdogo ulikuwa umeshafika mwisho wa kuogopa.

Ndipo alipoikumbuka fomu ya milio aliyoijaza mwaka wa kwanza, kabla kifaa hakijaanza kusema. Ilikuwa na safu ya umbali wa adui. Alikuwa ameandika "mbali" mara chache, na "karibu" kurasa kwa kurasa. Hakuna aliyekieleza kifaa kwamba huo ni umbali. Nacho kikashika maana inayosikika zaidi milangoni mwa watu.

"Lusajo," alisema. "Hawatukaribishi. Wanaambiana kwamba tuko karibu."

Lusajo aliacha kuandika. "Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Na mimi ndiye niliyekifundisha."

Tai alipokwenda zake, Sekela alikiweka kitoto mlangoni mwa tundu, akavua glavu na kuanza kurudi kinyumenyume. Lusajo alimfuata.

"Karibu sana," kilisema kifaa. Wakapita vitalu vya majaribio ya mimea. "Karibu." Wakafika kwenye goli la kwanza la netiboli. "Karibu." Sekela aliendelea kurudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa goli la pili.

Kifaa kilinyamaza kidogo, kama kinatafuta neno kililokaribia kulisahau.

"Mbali."

Mama nguchiro akashuka, akamnusa mwanawe, akambeba kwa ngozi ya shingo. Mguu mmoja mdogo ulitikisika. Au ni upepo tu ulioutikisa. Sekela hakuthubutu kusogea ili ahakikishe.