Rubani Aliyeogopa Kunyoosha Mkono

Ndugu zangu, ingieni nami jioni moja katika nyumba ya kinyozi mmoja, nyumba ndogo isiyokuwa na makuu. Mkewe, fundi cherehani, anakata kitambaa cha pazia mezani huku redio ikiimba taratibu. Binti yao wa darasa la kwanza, waliyemwita Kidoti kwa alama nyeusi iliyo juu ya mdomo wake, amelala kifudifudi sakafuni anapaka rangi picha ya bata. Kinyozi mwenyewe amejinyoosha kitini baada ya kusimama kutwa nzima nyuma ya vichwa vya watu. Nje ya dirisha limeegeshwa gari lao dogo, na gari hilo nawaomba mlikumbuke, kwa kuwa ndilo lililokuwa miguu ya nyumba hiyo. Lilimpeleka mtoto shule na kubeba mapazia ya mama kwenda kwa wateja. Siku lisipotembea, kazi ya mama nayo ililala.

Basi katika utulivu huo kinyozi akakohoa, akatangaza kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakwenda kuendesha gari kwenye uwanja wa mbio. Uwanja ulikuwa nje kidogo ya mji, na siku hiyo ungefunguliwa kwa watu wa kawaida, kila mtu na gari lake, wazunguke kwa mwendo wa kasi bila kushindana. Mkasi wa mkewe ukasimama katikati ya kitambaa. Akauliza kama amewaambia wenye uwanja kwamba hajawahi kufanya jambo hilo. Kinyozi akacheka, akasema mambo madogo hayo.

Ngoja niwaambie ugonjwa wa mtu huyu. Hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, na nyumbani hakuinua sauti. Ugonjwa wake ulikuwa mdomo. Na kinyozi anayependa kujisifu amepewa mtego mzuri, maana mteja aliye chini ya wembe hawezi kubisha. Huku ananyoa, alisimulia jinsi anavyozila kona na jinsi magari makubwa yanavyoomba njia apite. Wateja wakambandika jina la Rubani, naye akalivaa kama shati jipya. Ukweli ni kwamba mbio kali kuliko zote alizowahi kukimbia ni za siku mkewe aliposhikwa na uchungu wa kumzaa Kidoti, na hata siku hiyo walipitwa na lori la mchanga.

Basi siku chache kabla ya jioni ile walikuja wateja wawili, mwalimu wa hesabu na rafiki yake fundi bomba. Mwalimu akamwonyesha tangazo la uwanja kwenye simu, akasema kwa upole kwamba wangependa sana kuja kumtazama Rubani akiwa kazini. Pale pale angeweza kusema kweli, wangecheka kidogo na mambo yangeishia hapo. Lakini duka lilikuwa limejaa, vioo vyote vinamtazama, akajikuta amekubali.

Maandalizi yakaanza. Alinunua koti lenye mistari, kofia ngumu inayong'aa, na glavu ambazo alizivaa hata akinyoa, eti mikono izizoee. Wenye uwanja walimtumia maelekezo ya siku hiyo: gari likaguliwe, litolewe kila kitu kisichofungwa, hata vilivyo chini ya viti, na mgeni aseme kuwa ni mgeni. Alimpelekea fundi gari akaangalia breki na tairi, na kwa hilo nampa haki yake. Hayo mengine aliyapitia juu juu, akaona yameandikwa kwa ajili ya watu wasiojua.

Kisha akasikia kwamba gari jepesi hukimbia zaidi. Kesho yake akang'oa viti vya nyuma, tairi la akiba na mazulia ya chini, gari likabaki bati tupu. Viti akavipanga sebuleni. Mama mkwe alipokuja kuwajulia hali aliketishwa juu ya kimojawapo, akajifanya anafunga mkanda, akauliza wanaondoka saa ngapi. Kinyozi alicheka pamoja na wengine, ila mkewe hakucheka sana.

Yeye ndiye aliyekuwa anaumia. Sehemu ya kukaa mtoto haikuwepo tena, na gari lenyewe lilikuwa limefunikwa turubai ili rangi isichafuke. Kidoti akawa anatembea kwenda shule, na mama akawa anabeba mapazia kichwani. Siku moja mvua ikamshika njiani na mapazia ya zahanati, marefu, meupe. Alirudi nayo yamelowa matope, akayafua na kuyapiga pasi upya akiwa ameuma midomo. Kinyozi aliona, moyo ukamchoma, akajiambia kwamba baada ya Jumamosi kila kitu kitarudi mahali pake. Jamani, ni mangapi tunayaahirisha hivyo hivyo, na walio karibu nasi ndio wanaolowa?

Kidoti naye alikuwa na shida yake. Chupa yake ya maji ya chuma, yenye picha ya bata, ilikuwa imepotea. Alimfuata baba yake akiwa anang'arisha boneti.

"Baba, chupa yangu iko kwenye gari."

"Nimetoa kila kitu humu, mwanangu. Katafute chini ya kitanda."

Mtoto akaenda, akarudi, akasema kitandani haipo. Baba akamwambia kesho wataitafuta pamoja. Kesho yake akamwambia kesho.

Jumamosi ikafika, jua limechangamka. Kwa kuwa gari la nyumbani halikuwa tena na viti vya nyuma, mama na Kidoti walipanda pikapu ya fundi bomba, wakafika wamebanana na mwalimu na harufu ya gundi ya mabomba. Uwanjani kulikuwa na magari ya kila aina na watu wenye furaha. Mkufunzi mkuu alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya vumbi na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Aliwakusanya madereva akawaeleza kwamba leo hakuna mshindi wala kombe, kila mtu arudi nyumbani na gari lake. Halafu akawaomba wote ambao ni mara yao ya kwanza wanyooshe mikono.

Akafafanua kwamba mgeni atafungiwa utepe wa rangi ya chungwa nyuma ya gari ili wenzake wampe nafasi, gari lake litapekuliwa na wakufunzi, na mkufunzi mmoja atakaa naye. Wazoefu wao waliyakagua magari yao wenyewe. Mikono ikanyooka mingi. Hata mzee mmoja mwenye mvi tupu alinyoosha wake, tena kwa tabasamu.

Kinyozi akatupa jicho kwenye uzio. Mwalimu na fundi bomba walikuwa wanampungia. Mkono wake ukabaki mfukoni ndani ya glavu.

Mkewe alisogea karibu. "Nyoosha mkono, Baba Kidoti."

"Watu wananitazama."

"Na mimi nakutazama."

Hakuunyoosha. Akawekwa katika kundi la wazoefu, bila utepe, bila mkufunzi, na bila mtu wa kuchungulia chini ya kiti chake.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa polepole na moyo wake ukatulia. Wa pili magari yakafunguka. Upepo ukavuma, bati tupu la gari likanguruma, naye akasikia raha ambayo hakuwahi kuisikia maishani, hata akaanza kuwaza namna atakavyoisimulia. Mwisho wa njia iliyonyooka ilimngoja kona kali. Akakanyaga breki.

Kitu kikabingirika chini ya kiti. Zulia la kukizuia halikuwepo tena, kwa hiyo kikateleza moja kwa moja hadi miguuni. Pedali ikashuka kidogo tu, ikagoma. Akakanyaga tena, ikagoma. Akainamisha macho, na pale chini ya pedali ya breki akamwona bata.

Katika muda ule mfupi hakumkumbuka mwalimu wala fundi bomba. Alimwona Kidoti amesimama kando ya boneti anauliza. Gari likaikosa kona, likapita kwenye nyasi na kuzama katika mchanga mwingi uliomwagwa pale kwa ajili ya watu kama yeye. Likapunguza, likapunguza, likaugusa ukuta wa matairi makuukuu, likazimika. Bampa ya mbele iling'oka upande mmoja. Yeye alikuwa mzima, anamshukuru Mungu kwa sauti.

Mkewe alifika amebeba viatu mkononi. Alimpapasa mabega, mbavu na mikono, alipohakikisha hakuna kilichovunjika akaketi mchangani akalia. Kisha akamfokea mbele za watu.

"Mimi sikuolewa na Rubani. Niliolewa na kinyozi. Nirudishie kinyozi wangu."

Mkufunzi mkuu alikuwa ameinama ndani ya gari. Akatoka na chupa mkononi, imebonyea ubavuni, akauliza ni ya nani. Kidoti, aliyekuwa amebebwa na mwalimu, alijinasua akaja mbio kuipokea.

"Ni yangu. Nilimwambia baba iko kwenye gari."

Mkufunzi alimgeukia kinyozi kutaka kumuuliza jambo, lakini kabla hajafungua kinywa, kinyozi alikuwa amevua glavu na kuunyoosha mkono wake juu kabisa, kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Leo ndiyo mara yangu ya kwanza," akasema. "Sijawahi hata kuona kona kama ile. Zile habari za dukani zote nilizitunga."

Mwalimu akatazamana na fundi bomba. Mwalimu akasema kwamba hilo walilijua siku nyingi, walichokuwa wanangoja ni yeye kulisema. Fundi bomba akaangua kicheko, mwalimu akafuata, na kinyozi, akiwa mchangani hadi kwenye vifundo, akajikuta anacheka kuliko wote. Aibu aliyoikimbia kwa wiki zote hizo ilifika, ikapita, wala haikumuua.

Mchana gari lilivutwa, likakaguliwa kila pembe, bampa ikafungwa kwa waya. Mkufunzi mkuu mwenyewe alifunga utepe wa rangi ya chungwa nyuma, akaketi kando ya kinyozi, akamwelekeza mahali pa kuanza kufunga breki, mahali pa kutazama, na wakati wa kuachia usukani ujirudie. Walizunguka taratibu huku kila gari likiwapita. Aliporudi uso wake uling'aa. Kidoti alimuuliza amekuwa wa ngapi, naye akajibu kwa fahari kwamba amekuwa wa mwisho.

Jioni ile ile alirudisha viti garini, na Jumatatu asubuhi aliyapeleka mapazia ya zahanati yeye mwenyewe, akapanda ngazi akayatundika. Wateja bado wanamwita Rubani. Utepe wa chungwa ameuning'iniza juu ya kioo cha duka, na akiulizwa anasimulia habari ya bata, neno kwa neno, bila kujipendelea.

FUNZO

Ndugu zangu, majigambo huanza kama mchezo, lakini yana tabia ya kudai chakula kila siku, na chakula chake ni raha ya watu wa nyumbani. Mtu huyu aliogopa kuchekwa na wateja wawili, akamtembeza mtoto kwa miguu, akamlowesha mkewe mvuani, na almanusura awaache wote wawili bila mtu wa kuwapeleka popote. Kuwa mgeni wa jambo si dosari. Kila fundi aliwahi kushika chombo chake kwa mara ya kwanza, na walimu wapo kwa sababu hiyo. Anayesema hajui, hupewa nafasi, huelekezwa, hutazamwa asiumie. Anayejifanya anajua, huachwa peke yake na kiburi chake.

Basi ukiulizwa nani mgeni, nyoosha mkono. Na mtoto akikuuliza chupa yake iko wapi, weka chini hicho kitambaa cha kung'arishia, uiname, uitafute.