Goti la Maman Dative

Nyumbani kwake huko Mururu, Rwanda, Maman Dative hakuruhusiwa hata kuchambua maharage. Akigusa ungo, Bella, mke wa mwanawe, aliuchukua.

"Ikala chini, Maman. Miaka makumi tano na tatu haiko muchezo!"

Majirani nao walimletea uji na kumlaza. Kwao, mzazi mgonjwa akijiinua mwenyewe, vijana wa nyumba wameaibika.

Dative alikuwa ameteleza shambani, kano ya goti ikakatika. Kano ni ule ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa. Madaktari wa Kigali walimpasua na kumtengenezea nyingine. Lakini sasa goti lilikuwa limekakamaa. Ng'ambo ya mto Rusizi, huko Bukavu, aliishi dada yake Mukakalisa. Vita viliwatenganisha. Sasa njia ilikuwa salama, ila Dative angevukaje daraja? Roho ilimuuma sana.

"Ni uzee," alisema mwanawe Gad. "Operasiyo ni ya vijana."

Laurence, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa amekuja kumwona mgonjwa. Alitikisa kichwa.

"Hapana, Gad. Miaka peke yake haikatazi. Munganga wa hospitali anaangalia goti yenyewe, na kazi ya muntu. Bengi ba miaka kama ya Maman banapona muzuri. Na kijana je? Akisikia nafuu, anakimbilia mupira mbele ya wakati. Kano inakatika tena!"

"Sasa ya Maman inakauka juu ya nini?"

"Juu munamuheshimu vibaya. Goti yenye haifanye mazoezi inakauka, ikuwe ya kijana ao ya muzee."

Bella aliinamisha kichwa. Masikini, alikuwa akimpenda mama mkwe wake kwa moyo wote.

Laurence akawaonyesha kukunja goti taratibu, kulinyoosha, kukaza msuli wa paja na kutembea kwa mkongojo.

"Ikivimba ao ikiuma zaidi, muniite. Musilazimishe."

Haikuwa rahisi. Dative alilia, Bella naye akalia, lakini hakumzuia tena. Haba na haba hujaza kibaba. Miezi ikapita, goti likalainika, msuli ukapata nguvu.

Dative alituma habari kuwa anakuja, na asubuhi moja akavuka daraja hadi kwa dada yake. Mukakalisa alitoka mlangoni, akachungulia nyuma ya dada yake.

"Banaume benye bamekubeba beko wapi? Nimebapikia bugali ya bantu bane!"

Dative alicheka huku machozi yakimtoka.

"Nimejileta na miguu yangu. Pakua yote, dada, nina njaa!"