Risiti Zilizowasha Pasi

Kila asubuhi ya Jumamosi Chiriku aliwasha pasi ya mkaa. Baba yake, fundi cherehani, alishona sare za shule kwenye kibanda chake. Chiriku alipewa jina hilo la ndege kwa sababu ya mdomo. Hakunyamaza hata akila.

Mwezi uliopita baba alimwajiri mama mmoja mtunza hesabu. Alikuja na sharti moja: kila risiti iingie kwenye boksi, hata ya kifungo kimoja.

Jumamosi hii mama huyo alipekua boksi mara mbili. "Fundi, daftari linasema ulitoa pesa za vitambaa mara saba. Risiti ziko tatu."

Baba akamgeukia Sindano, msaidizi wake mwembamba, ambaye ndiye aliyetumwa dukani. "Nyingine ziko wapi?"

"Niliziweka humo, bosi. Na vitambaa si umevikata mwenyewe?"

"Nitajuaje kama hukuongeza cha juu? Weka mkasi mezani, nenda nyumbani."

Sindano akakunja tepu yake. "Chiriku, leo umemeza nini?" alitania akipita, lakini macho yake hayakucheka.

Chiriku alikumbuka asubuhi alizowasha pasi. Mkaa ulikuwa na unyevu, na karatasi za kwenye boksi zilikuwa kavu. Nguo zilikwisha kushonwa, kwa hiyo aliona risiti hizo ni takataka. Alijua tangu swali la kwanza, akanyamaza kwa woga. Sindano alipovuka barabara, Chiriku alishindwa kuvumilia.

"Baba, mwite. Risiti niliwashia pasi mimi."

Cherehani ikasimama. Baba alimfuata Sindano, akamshika mkono na kumwomba radhi mbele ya wateja. Chiriku alitamani achapwe yeye kuliko kuliona lile.

Mtunza hesabu alimchukua Chiriku hadi duka la vitambaa. Muuzaji alikuwa na kitabu chenye nakala za kaboni. Walinakili risiti nne, na bei zote zilikuwa sawa na za daftari.

"Basi yameisha?" Chiriku aliuliza wakirudi.

"Hesabu zimeisha. Kuchoma karatasi hukujua ni kosa, sikulaumu. Lakini mtu alifukuzwa ukimtazama, na ulijua. Huo ni uongo, hata kama hukufungua mdomo. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba mzigo wako."

"Ndiyo, mama."

"Na aliyeomba radhi ni baba yako. Wewe bado."

Chiriku aliingia kibandani, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Sindano, aliyekuwa amerudi kazini.