Mashine Haina Ugonjwa

Jumamosi hiyo soko kuu la Songea lilifurika watu, mvua ikitishia, na mlangoni mwa duka la kompyuta Imaculata akakanyagwa mguu na mwanamume aliyebeba katoni mbili zilizomziba uso.

"Samahani dada yangu! Sikukuona."

"Ungenionaje, na umejifunika maboksi?"

Mwanamume akazitua huku akicheka. Aliitwa Tadei, fundi na mwenye duka, shati jeupe limekunjwa mikono hadi viwikoni. Imaculata alikuwa mwalimu wa miaka arobaini na moja. Alivaa gauni la kitenge cha bluu na sweta la marehemu mama yake. Uhamisho ulikuwa umemrudisha nyumbani baada ya miaka kumi na miwili ya kufundisha Tunduru, na sasa alitaka kompyuta ya kutungia mitihani.

"Chukua ya kupakata, mwalimu. Siku hizi watu wanatembea nazo."

"Nimebeba mizigo ya kutosha mimi. Nipe ya mezani, ikikaa imekaa."

Tadei akamtazama kidogo, kisha akamchagulia ya mezani yenye kioo kikubwa. "Macho hayo bado tunayahitaji," alisema, na Imaculata akajikuta anaona aibu kama binti wa kidato cha pili.

Jioni ileile fundi akaja mtaa wa Mfaranyaki, nyumbani kwa Imaculata, kuifunga. Nyumba ya vyumba vinne, mtu mmoja. Walikunywa chai kwa magimbi. Tadei akasimulia kwamba mkewe alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo anakula kwa mama ntilie, hata vijiko vyake hajui ni vingapi. Walicheka mpaka chai ikapoa.

Alipoondoka, nyumba ikawa kubwa. Imaculata alifungua ukurasa mweupe kwenye kioo, akakosa wa kumwandikia. Tunduru alikuwa mgeni, na mgeni ana haki ya kuwa mpweke. Lakini hapa ni kwao, na upweke wa kwenu unauma kuliko wa ugenini.

Jumatano akachomoa waya nyuma ya mashine, akapiga simu.

"Fundi, imezima."

"Pole, mwalimu. Nikifunga duka nakuja."

Akaja, akachomeka waya, akanywa chai. Wiki iliyofuata kibodi ikagoma. Kisha sauti ikapotea. Mashine ya watu, mpya kabisa, ikasingiziwa kila ugonjwa isipokuwa malaria!

Mara ya sita Tadei alikuja na katoni mpya, uso hauna mzaha.

"Nimekuletea nyingine. Nisamehe kwa kukuuzia mashine mbovu, mwalimu, nimeona haya sana. Hii nimeijaribu siku tatu. Haitakusumbua, hutahitaji kuniita tena."

"Lakini ile..."

"Ile imefanya nini?"

Mwalimu mzima aseme alikuwa anachomoa nyaya kama mtoto? "Hamna. Asante."

Chai siku hiyo Tadei aliikataa, akisema wateja wanamngoja. Aliondoka na mashine ya kwanza chini ya kwapa.

Mashine mpya ilifanya kazi vizuri kiasi cha kuudhi. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Imaculata alitunga mitihani ya darasa zima, akaipanga, akaisahihisha kabla haijafanywa. Siku moja alichomoa waya, akashika simu, kisha akaurudisha. Aliona vibaya kuisingizia nyingine. Lakini hamu ya kuisikia sauti ya Tadei ilimzidi, na alijua wazi kwamba asipopiga, ataizoea nyumba tupu mpaka aipende. Hilo ndilo lililomtisha.

Jumapili, akiwa ametoka kanisani, akapiga.

"Haloo, mwalimu! Imekuwaje tena?"

"Nzima."

"Kioo?"

"Kizima."

"Sauti je?"

"Kila kitu kizima, Tadei." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Mbovu ni mimi. Nyumba hii imenishinda. Zile nyaya nilikuwa nazichomoa mwenyewe, ili uje."



"Ile mashine yako iko mezani kwangu," Tadei akasema taratibu. "Wiki ya tatu hii. Haijazima hata mara moja. Kila asubuhi naiwasha, najiuliza, mbona mwalimu hapigi?"

"Na wewe mbona hukupiga?"

"Fundi hapigi, Imaculata. Fundi anaitwa. Ningekuja bila kuitwa, ningesema nimekuja kutengeneza nini?"

Imaculata akacheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa sweta.

"Basi nimekuita."

"Nakuja sasa hivi. Nije na begi la vifaa?"

"Liache dukani."

Akakata simu. Alikaa sebuleni mikono mapajani, akiogopa kuliko siku aliyopanda basi la Tunduru kwa mara ya kwanza. Baadaye bodaboda ikazima injini nje.

"Hodi!"

Tangu arudi Songea, hakuna mtu aliyewahi kubisha mlango ule bila kuwa na shida.

"Karibu," alisema, na akainuka kwenda kufungua.