Gari Hununuliwa Alfajiri

Pale Ikutha, mwaka wa sabini na nane, hakuna mtu aliyemjua ng'ombe kumshinda Mbuvi. Sokoni alishika nundu, akatazama meno, akamtembeza mnyama kidogo, basi. Hakuna aliyemdanganya.

Lakini akiona gari, akili yake ilitoka ikaenda kutembea.

Januari aliuza mbuzi, akanunua gari la bluu. Alilipendea honi. Honi ililia vizuri mpaka ng'ombe wa jirani wakaitikia. Injini nayo ilifanya kazi wiki chache, ikanyamaza. Mwezi wa tano akalibadilisha na gari jekundu, akaongeza mitamba wawili. Hilo liling'aa. Mbuvi alikuwa akichana nywele akijiangalia kwenye mlango wake. Siku moja mkewe, Kalondu, aliufunga huo mlango. Ukabaki mkononi. Kalondu aliulaza chini polepole, akaenda sokoni kwa miguu.

Mwezi wa tisa, Mbuvi alianza tena kuoga mapema na kupaka viatu rangi. Kalondu akajua kuna gari.

"Liko Kitui," Mbuvi alisema wakinywa uji. "La kijani. Lina redio."

"Utalilipia na nini, Baba Nzilani? Mbuzi wameisha."

Mbuvi aliangalia uji wake. "Kuna wale ng'ombe wawili wa plau."

Kalondu aliweka kikombe chini. Mvua ilikuwa karibu. Bila wale ng'ombe, shamba lote lingelimwa kwa jembe la mkono, na ndengu zingechelewa. Halafu wangekula nini? Redio?

"Sikatai gari," alisema. "Hata mimi nimechoka kubeba magunia. Lakini kabla ng'ombe hawajatoka hapa, twende kwa Mama Esha."

Mama Esha alikuwa jirani yao mwenye duka, mtu wa asili ya Pwani. Marehemu mumewe alimwachia lori kuukuu, na lori hilo bado lilitembea. Alimsikiliza Mbuvi huku akipima sukari.

"Shemeji, hayo magari mengine ulienda kuyaangalia saa ngapi?"

"Saa sita, saa saba. Saa ya watu wastaarabu."

"Ukakuta injini baridi ama moto?"

"Moto. Mwenyewe alikuwa ameshaniwashia. Tena akanipa chai."

Mama Esha alicheka mpaka sukari ikamwagika. "Na ng'ombe, wewe humwangalia saa ngapi?"

"Ng'ombe ni alfajiri," Mbuvi alijibu haraka. "Kabla hajalambishwa chumvi. Akilamba chumvi atakunywa maji mengi, tumbo lijae, hata aliyekonda aonekane mnene."

Halafu akanyamaza.

"Endelea," Kalondu alisema. "Usituache njiani."

"Injini mbovu huwa ngumu kuwaka ikiwa baridi," Mama Esha alieleza. "Ikipata moto, inaficha ugonjwa. Kwa hivyo fika mapema, ushike boneti. Ikiwa moto, jua gari limelambishwa chumvi. Chomoa kile kijiti cha oili. Oili ikiwa kama maziwa, maji yameingia injini. Rejeta nayo, lile tangi la maji ya injini, ifunguliwe ikiwa baridi tu, usije ukaungua uso. Likiwaka, simama nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua."

Alitoa sumaku ndani ya redio iliyokufa. "Pitisha hii kwa bodi. Mahali isiposhika, hapo kutu imezibwa kwa udongo na kupakwa rangi juu. Nenda na fundi wako, si wake. Na logbuku, kile kitabu cha umiliki, iwe na jina la anayekuuzia."

Wakalala Kitui kwa dada ya Kalondu. Alfajiri wakabisha kwa Mwangangi, mwenye gari la kijani. Alitoka na taulo.

"Karibuni chai kwanza."

"Chai baadaye," Mbuvi alisema.

Sumaku ilianguka mara tatu. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, kisha ikatoa moshi wa bluu mpaka kuku wakahama. Redio tu ndiyo iliimba vizuri. Mbuvi aliisikiliza mpaka wimbo ukaisha. Kalondu alikuwa akiwaza ng'ombe.

"Redio ni nzuri," Mbuvi alisema mwishowe. "Hata dukani zipo."

Akaondoka. Alitembea kama mtu anayetoka mazishini, lakini aliondoka.

Mwezi wa kumi wakasikia kuna pikapu ya Pijo huko Kasikeu. Rangi imepauka, redio hakuna. Walifika na fundi wao kabla ya jua. Boneti ilikuwa baridi. Oili ilikuwa sawa. Sumaku ilishika kila mahali. Pikapu iliwaka mara moja, ikapanda kilima, breki zikashika. Kwa vile haikuwa na sura, bei haikufikia ng'ombe wa plau. Lile jekundu liliuzwa vipuri, mtamba mmoja akafuata, mambo yakaisha.

Mvua iliponyesha, wale ng'ombe wawili walikuwa shambani siku hiyo hiyo. Ndengu zikakubali. Siku ya kupeleka magunia sokoni, Kalondu alivaa kitambaa kipya cha kichwa, akaketi mbele.

"Pitia kanisani," alisema.

"Soko liko upande huu, Mama Nzilani."

"Najua. Pitia tu, na uende polepole. Nataka watu wanione."